Droni ya ukaguzi saiti: maana na matumizi yake

Ni ndege ndogo isiyo na rubani ndani (wengine huiita ndege nyuki) yenye kamera, inayorushwa na mtu aliye chini ili kukagua sehemu ambazo bila yake fundi angelazimika kuzipanda au kuzishukia. Kabla mtu hajakanyaga paa bovu, msimamizi ameshaona bati lililooza na mbao zilizoliwa na mchwa.

Kwenye shimo la msingi ndiko inakosaidia zaidi. Ikielea juu ya ukingo, huonyesha maji yanayochuruzika ukutani, kifusi kilichorundikwa karibu mno (kanuni za Marekani zinataka kikae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni) na nyufa zinazokwenda sambamba na ukingo. Ufa wa namna hiyo ni dalili kwamba udongo umeanza kumeguka. Watu watolewe shimoni kwanza, mengine yafuate. Kwenye kiunzi (jukwaa la muda la mabomba na mbao wanalosimama mafundi), kamera huona ubao uliokosekana au reli ya kinga iliyofunguliwa isirudishwe. Kama kibano kinachounganisha mabomba ya kiunzi kimekazwa, haioni. Hapo panataka mkono na spana.

Droni nayo ni hatari. Yenye uzito wa kilo moja ikidondoka kutoka ghorofa ya nane inaweza kuua, kwa hiyo isipite juu ya watu hata kama wamevaa kofia ngumu. Dereva wa kreni ajulishwe kwa redio na asimamishe kreni. Mtu wa pili asimame kando ya mrushaji, macho angani, kwa sababu macho ya mrushaji yako kwenye skrini.

Ajali nyingine huanzia kwenye maandalizi. Ukiipaisha kutoka juu ya slabu (sakafu ya zege), nondo zilizomo huvuruga dira yake, nayo hupaa ikiyumba upande usioutaka. Irushie kwenye udongo mtupu, mbali na vyuma na magari. Kisha kagua kimo cha kurudi. Mawasiliano yakikatika, droni nyingi hupanda hadi kimo ulichoweka, halafu hurudi kwa mstari ulionyooka. Ukiweka mita 30 na kreni ina mita 45, itaigonga. Weka mita 60, na usibaki na kimo cha saiti ya jana.

Betri nyingi hudumu dakika 20 hadi 30, pungufu kukiwa na upepo. Tua ikibaki asilimia 30. Iliyovimba isirushwe kabisa. Kibali huombwa kwa mamlaka ya usafiri wa anga: KCAA kwa Kenya, TCAA kwa Tanzania.