Mtoto anatema mboga: maswali ya wazazi wa Mombasa na majibu yake

Mtoto akitimiza miezi sita huanzishiwa chakula cha nyongeza, na hapo ndipo shughuli inapoanza. Uji anakunywa, ndizi anaipokea, lakini kijiko cha mboga kikikaribia anafumba mdomo na kugeuza uso. Haya ndiyo maswali ambayo akina mama huuliza sana, na majibu yake.

Mwanangu ana miezi minne na anaangalia sana sahani zetu. Mavyaa ananihimiza nimpe papai. Nimpe?

Bado. Hadi atimize miezi sita maziwa ya mama yanamtosha, na hahitaji hata maji, pamoja na joto letu la kaskazi. Kuangalia sahani peke yake si dalili ya kuwa tayari. Awe anaweza kukaa akishikiliwa kidogo, shingo imekaza, na ukimwekea kijiko mdomoni asikisukume nje kwa ulimi. Mwambie mavyaa kwa heshima kwamba papai atalila, na yeye ndiye atakayempondea siku ikifika.

Ila miezi sita ikitimia, usicheleweshe. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huwa imeshuka, na maziwa peke yake hayawezi kuijaza. Endelea kumnyonyesha hadi afike miaka miwili au zaidi.

Nimempa mchicha, akakunja uso, akatetemeka, akautema wote. Ndiyo kusema haupendi?

Hapana, na hapa ndipo wazazi wengi hukata tamaa mapema. Binadamu huzaliwa akipenda utamu na kuogopa uchungu, na mboga za majani zina uchungu kidogo ambao ulimi wa mtoto haujawahi kukutana nao. Uso unaokunjwa ni mshangao. Utafiti wa lishe ya watoto unaonyesha kwamba mtoto huweza kuhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla ya kukikubali. Akikataa mara tatu, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Mpe nusu ya kijiko cha chai tu. Akitema, mfute mdomo, usigombe wala usibembeleze, endelea na kile anachokula. Kesho au kesho kutwa mpe tena mchicha ule ule. Chagua saa ambayo ana njaa kiasi, si pale ametoka kunyonya akashiba, wala pale analia kwa njaa au usingizi. Mwache autie vidole, aupake kwenye kidevu, aunuse. Na mle pamoja: mtoto anayemwona mama yake akila mchicha kwa raha anajifunza kwa macho kabla ya ulimi.

Upishi nao una nafasi yake. Mchicha uliochemshwa kwa maji matupu hauvutii mtu yeyote. Upike kwa tui jepesi na nyanya, kisha mtengee mtoto fungu lake kabla hujatia chumvi na pilipili. Mafuta ya nazi yaliyo kwenye tui humsaidia pia kufyonza vitamini A iliyo kwenye mboga. Boga la nazi nalo laweza kuwa chakula chake, mradi fungu lake litolewe kabla ya sukari.

Nikianza na matunda, si atazoea utamu akatae mboga?

Utamu ameshauzoea kwenye maziwa yako. Anza na chochote ulicho nacho, lakini mboga zisisubiri mwezi wa pili tangu aanze kula, kwa sababu ndizo zinazohitaji kurudiwa zaidi. Jambo moja tu: usizifiche kila mara ndani ya ndizi. Mtoto anayekula mchicha uliozama ndani ya ndizi anajifunza kupenda ndizi.

Sina pesa za vyakula vya dukani vya watoto. Ninunue nini sokoni?

Huvihitaji. Kongowea na Marikiti zimejaa chakula cha mtoto: boga, karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, papai, embe la msimu, ovakado, mchicha, majani ya kunde. Vya rangi ya chungwa na mboga za kijani kibichi ndivyo vyenye vitamini A kwa wingi.

Lakini matunda na mboga peke yake havimjengi mtoto. Mpe pia pojo au maharagwe yaliyoiva sana na kupondwa, yai lililoiva, maini kidogo, samaki uliyempapasa kwa vidole ukahakikisha hana hata mwiba mmoja. Pojo ukilifuatisha na papai, embe au chungwa, vitamini C iliyomo humsaidia kufyonza madini ya chuma. Chai hufanya kinyume, basi asipewe, hata ya maziwa.

Lazima nisage kwa blenda?

Uma unatosha. Kiwe kizito kiasi cha kukaa kijikoni bila kumwagika. Anza na vijiko viwili vitatu vya chakula, mara mbili au tatu kwa siku, uongeze polepole hadi afike nusu ya bakuli la mililita 250. Baada ya wiki chache punguza kuponda, chakula kibaki na vibonge laini. Akifika miezi minane hivi, mpe kipande cha papai lililoiva au karoti iliyochemshwa ikalainika, akishike mwenyewe akiwa amekaa na wewe uko naye. Njugu nzima, zabibu nzima na karoti mbichi zinaweza kumpalia; usimpe.

Nyanya yake humbana pua ili afungue mdomo ameze. Kuna ubaya?

Kuna ubaya mkubwa. Mtoto aliyebanwa pua huvuta pumzi kwa mdomo, na chakula kinaweza kuingia njia ya hewa. Tena anajifunza kwamba kijiko ni adui, na ataanza kulia akikiona tu. Akifunga mdomo, akigeuza kichwa, akisukuma mkono wako, ameshiba au amechoka. Mwache. Mlo wa nusu saa unatosha kabisa.

Na juisi? Asali?

Asali hapana hadi atimize mwaka, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu hatari kwa mtoto mchanga. Juisi pia hapana. Mpe tunda lenyewe. Sukari na chumvi usimtilie.

Choo chake kimekuwa cha rangi ya boga na kina vipande vya mchicha. Ni ugonjwa?

La. Tumbo lake linajifunza kazi. Wasiwasi uanze kukiwa na damu, au akiharisha majimaji mara kwa mara.

Lini nimpeleke kliniki?

Mpeleke akikohoa au kupaliwa kila mlo, akitapika sana, akikataa vyakula vyote pamoja na titi, akikojoa kidogo, au mstari wa uzito kwenye kijitabu chake cha kliniki ukilala au kushuka. Akivimba uso au kupumua kwa shida baada ya chakula kipya, ni hospitali saa hiyo hiyo. Na hata akiwa anakula vizuri, akitimiza miezi sita mpeleke akapate tone la vitamini A. Kisha hurudiwa kila miezi sita hadi afike miaka mitano.