Ichaneni hiyo chati ya visawe vya "blow up"

Imenifikia tena. Ni ile chati ya rangi rangi inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: juu imeandikwa "blow up", chini yake mishale inaelekea "explode", "detonate", "burst", "erupt" na "go off", halafu kuna ushauri kwamba ukitaka Kiingereza chako kionekane cha kisomi, uachane na "blow up" uchague mojawapo kati ya hayo. Safari hii aliyeituma ni mwalimu wa kidato cha nne, kwa hiyo leo sinyamazi.

Kazi yangu ni kutafsiri na kuhariri habari za kimataifa. Kitenzi hiki kinapita mezani kwangu karibu kila zamu, maana dunia haichoki kulipuana. Na makosa ni yale yale, kwenda na kurudi. Anayeandika Kiingereza ananiletea "they detonated the bridge". Anayeandika Kiswahili ananiletea "daraja lililipuka" wakati kuna watu walikesha wakilitega baruti.

Nianze na hili la pili, maana ndilo linalonipandisha presha. Kiswahili kina lipuka na lipua, kama kilivyo na pasuka na pasua, bomoka na bomoa. Hata mtoto wa chekechea anaijua tofauti, tena anaijua vizuri mno: ndiyo sababu akivunja kikombe anakuja kukwambia kimevunjika. Kiingereza hapa hakigusi kitenzi. "The ship blew up" na "they blew up the ship", umbo ni lile lile, na kinachokuonyesha njia ni shamirisho, yaani kile kinachotendewa. Likiwepo shamirisho, tafuta mtenda. Ukikuta "was blown up", mtafute pia, hata kama hakutajwa. Mfasiri anayeruka hatua hiyo anaweza kumfuta mhalifu kwenye habari, au akamzulia mhalifu ambaye hakuwepo.

Mnadhani natia chumvi? Usiku wa tarehe 15 Februari 1898 meli ya kivita ya Marekani iitwayo Maine ilisambaratika ikiwa imetia nanga katika bandari ya Havana, Kuba ikiwa bado chini ya Hispania. Walikufa zaidi ya watu 260. Je, ililipuka au ililipuliwa? Tume ya jeshi la wanamaji la Marekani ilisema mwaka huohuo kwamba chanzo kilikuwa bomu lililotegwa majini, nje ya meli, lakini haikumtaja aliyelitega. Magazeti ya Marekani ya William Randolph Hearst na Joseph Pulitzer hayakuwa na subira ya tume, yakainyoshea Hispania kidole. Aprili vita kati ya Marekani na Hispania vikaanza, na vilipokwisha Hispania ilikuwa imepoteza Kuba, Puerto Rico, Guam na Ufilipino. Mwaka 1911 mabaki ya meli yalichunguzwa tena, na bomu la nje likatajwa tena. Kisha mwaka 1976 Admeri Hyman Rickover akatoa uchunguzi wenye jibu jingine: yaelekea makaa ya mawe yaliwaka yenyewe ghalani mwake, moto ukafikia baruti iliyokuwa chumba cha jirani. Wapo wanaobisha mpaka leo.

Sasa mwandishi wa Kiingereza anaandika "the Maine blew up" na kulala usingizi wake, hajamshtaki mtu. Wewe ukiandika "Maine ililipuliwa" umeshatoa hukumu ambayo wachunguzi wa miaka mia moja hawajakubaliana juu yake. Nimeikuta sentensi hiyo, neno kwa neno, kwenye makala ya historia ya wanafunzi. Nilipouliza, nikajibiwa eti ni "visawe tu".

Haya, twende kwenye mishale ya chati. "Detonate" hutumika kwa kile kinacholipuka chenyewe: bomu, baruti, kilipuzi. Kinachoharibiwa ndicho unachokipa "blow up". Hapa nakiri Kiswahili ndicho kinachotuponza, kwa sababu sisi tunalipua bomu na tunalipua daraja kwa kitenzi kimoja. Guy Fawkes alikamatwa London mwezi Novemba 1605 akilinda mapipa 36 ya baruti chini ya ukumbi wa Bunge. Baruti ile angeweza "to detonate", Bunge lenyewe alitaka "to blow up". Ukibadilishana hivyo viwili, Mwingereza ataelewa kwamba Bunge ndilo bomu. (Wapo watakaosema si vibaya sana.)

"Go off" ni ya bomu, bunduki na kengele ya saa, na haibebi jengo. Volkano "erupts", hata ikitiririsha lava taratibu kama Ol Doinyo Lengai inavyofanya mara nyingi, na kuita hali hiyo "explosion" ni uongo. Krakatau mwaka 1883 ilifanya yote mawili, lakini huo ulikuwa msiba wa namna yake. "Burst" ni ya kitu kilichozidiwa na shinikizo ndani yake: bomba, puto, tairi. Na kwa tairi nawaonya, maana "blow up the tyres" ni kuyajaza upepo. Anayetaka kusema tairi limepasuka aseme "burst" au "blew out", vinginevyo barua yake ya malalamiko itasomwa kama risiti ya huduma.

Mengine nayapitia haraka. Kukuza picha na kukuza mambo: Kiswahili nacho kimetumia kitenzi kimoja, hakuna shida. "She blew up at me" ni kuja juu, na hiyo "at" usiidondoshe. Msanii "blew up" maana yake ametoboa. Mfuko wa uwekezaji ukifanya hivyo, kama Long-Term Capital Management ya Marekani mwaka 1998, umeporomoka, na hapo msanii na mfuko wametumia neno moja kwenda pande mbili tofauti. Kuhusu simu inayo-"blow up", ni meseji zinamiminika tu. Yule aliyeandika kwenye manukuu ya filamu "simu yangu inalipuka!" alinifanya nitazame yangu.

Vitabu hueleza kwamba "up" hapa inaonyesha ukamilifu, kama katika "eat up" na "use up". Mimi mwenyewe nafundisha hivyo, na kila mwaka naamini kidogo zaidi kwamba ni maelezo yaliyobuniwa baada ya tukio. Dhoruba "blows up" inapoanza, si inapokwisha. Tairi nalo linavimba tu. Kama kuna uzi mmoja unaoyashona haya yote, sijauona.

Na hata kanuni yangu ya shamirisho ina tundu. "A gas leak blew up the house": shamirisho lipo, mhalifu hayupo. Mimi naandika "nyumba ililipuka kutokana na gesi iliyovuja". Mhariri mwenzangu hurudisha "gesi iliyovuja ililipua nyumba" na kuniuliza tangu lini gesi ikahitaji nia ili iwe mtenda. Swali lake ni zuri, linaniudhi, na asubuhi nikifika zamu nairudisha sentensi yangu.