Neno “pulp”: mnofu, rojo, au kumenya?

Neno la Kiingereza “pulp” humfikia msomaji wa Kiswahili kwa njia nyingi: juu ya boksi la juisi ya embe, kwa daktari wa meno, kwenye kiwanda cha karatasi, na kwenye mashine ya kahawa. Maelezo ya kawaida ni kwamba ni kitu laini, lakini ulaini ni nusu tu ya habari. Asili yake ni “pulpa” ya Kilatini, yaani nyama isiyo na mfupa na, vilevile, sehemu ya tunda inayoliwa. Kiswahili kina neno lililopita njia iyo hiyo, nalo ni mnofu, ambalo hutumika kwa nyama ya mbuzi na kwa tunda pia.

Basi maana ya kwanza ni mnofu wa tunda, ile sehemu iliyo kati ya ganda na kokwa. Katika embe huonekana wazi, lakini katika ukwaju hujificha: punje huloweshwa katika maji ya uvuguvugu, kisha hufikichwa kwa vidole mpaka mnofu wa kahawia uachane na mbegu na zile nyuzi ngumu, na kinachobaki bakulini ni rojo zito. Hapo mnofu umegeuka rojo mikononi mwa mpishi, na Kiingereza huviita vyote viwili kwa jina moja. Ubuyu unaonyesha vizuri zaidi kwamba ulaini si sharti. Mnofu wa buyu hukauka wenyewe ndani ya ganda ukawa kama unga uliogandamana na mbegu, hata hivyo Umoja wa Ulaya ulipouidhinisha kuwa chakula mwaka 2008 uliuita “pulp” iliyokauka. Anayetafsiri hapo kwa neno rojo atakuwa ameandika kinyume cha kile anachokijua kila mtoto aliyemung’unya ubuyu.

Kwa daktari wa meno, neno hilo hutaja tishu laini iliyo katikati ya jino, yenye neva na mishipa ya damu. Tundu la jino likifika huko, maumivu huwa makali, na tiba ya mzizi wa jino ni kuitoa tishu hiyo na kuziba nafasi yake.

Maana ya pili ni rojo linalotengenezwa makusudi, na mfano wake mkubwa ni karatasi. Katika kiwanda cha Mgololo, wilayani Mufindi, miti hukatwa vipande vidogo na kupikwa kwa kemikali ili kuondoa lignini, dutu inayoshikamanisha nyuzi za mti. Nyuzi zilizolegea ndani ya maji ndizo rojo la karatasi. Njia nyingine, iliyoanzia Ujerumani katika miaka ya 1840, ni kusaga mbao kwa jiwe bila kuondoa lignini. Karatasi yake ni rahisi, lakini hugeuka manjano na kukatika upesi. Kwa karatasi ya namna hiyo Frank Munsey wa Marekani alichapisha jarida la The Argosy kuanzia mwaka 1896, likauzwa kwa bei ndogo, na wengi wakamwiga. Jina la karatasi likahamia kwenye hadithi zenyewe za mapigano, mapenzi na upelelezi, hivyo kwa matumizi haya tafsiri ya haki ni hadithi za bei rahisi. Rojo halina kazi hapo.

Likiwa kitenzi, neno hili linahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Vitabu visivyouzwa vikifanyiwa kitendo hiki, hurudishwa kiwandani vikasagwa kuwa rojo. Kahawa ikifanyiwa kitendo chenye jina lilo hilo, haipondwi hata kidogo: mashine huimenya, ikiondoa ganda jekundu pamoja na mnofu na kuziacha punje zikiwa nzima, zimefunikwa na ute unaoteleza vidoleni, ambao huondolewa kwa kuvundikwa na kuoshwa. Kazi hiyo hufanywa siku iyo hiyo ya kuchuma, kwa sababu matunda yakilala huanza kuchacha na kuharibu ladha. Mwongozo unaomwambia mkulima wa Kilimanjaro aponde kahawa yake unamwagiza aharibu mavuno ya mwaka mzima. Neno lake yeye mwenyewe, kumenya, ndilo linalostahili kuandikwa hapo.