Kauri Dume, Kauri Jike: Gamba Halina Jibu

Kila Nanenane, meza yetu ya elimu kwa umma kwenye viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya hujaa magamba ya baharini. Safari iliyopita mama mmoja wa Tukuyu aliushika mkufu wake wa kauri akaniuliza: "Mwalimu, bibi alituambia zenye mdomo wa meno ndizo jike. Ni kweli?"

Bibi namheshimu, lakini sivyo. Meno yale ni alama ya umri. Kauri ni konokono wa baharini, na akiwa mchanga ana gamba jembamba lenye mdomo ulio wazi. Akikomaa, ukingo hujikunja kwa ndani na kuota meno, na gamba haliongezeki tena urefu. Dume hupitia hapo, na jike vilevile.

Jinsi imo mwilini, na mwili hauko tena kwenye mkufu. Kauri aliye hai hutambaa kwa mguu mmoja mpana wa msuli na hukwangua chakula kwa ulimi wenye vimeno mithili ya tupa. Gamba lake hulifunika kwa utando laini, na utando huo ndio unaolijenga na kuling'arisha. Kichwani ana pembe mbili za kupapasia. Nyuma ya pembe ya kulia, dume ana uume, jike hana. Ndivyo walivyo konokono wengi wa baharini.

Chaza, mnyama wa majini mwenye gamba la vipande viwili, ni habari nyingine kabisa. Hana kichwa wala uume. Chaza wengi huanza maisha wakiwa madume, kisha wakikua hugeuka majike, na huo si ugonjwa. Yai linahitaji akiba kubwa ya chakula kuliko mbegu, kwa hiyo mwili mdogo huanza na kazi nyepesi. Hata konokono wadogo wa Ziwa Nyasa wanaobeba kichocho wana jinsi zote mbili katika mwili mmoja, na mmoja peke yake aweza kujirutubisha. Ndiyo maana ni wagumu kuwamaliza.

Lakini yapo mageuzi yanayouma. Mwaka 1970 iliripotiwa huko Uingereza kwamba konokono jike wa miambani walikuwa wakiota uume, palepale nyuma ya pembe ya kulia. Baadaye chanzo kikajulikana: tributilitini, kemikali iliyotiwa kwenye rangi ya meli ili viumbe wasigande chini ya chombo. Sehemu moja au mbili tu katika trilioni moja za maji zilitosha kuwadhuru. Kwa walioathirika zaidi njia ya mayai iliziba, wakashindwa kutaga, na mahali pengine wakatoweka. Wakulima wa Uyole nikiwaeleza hili hulielewa upesi, maana wanajua dawa ya shambani haikai shambani mvua ikinyesha. Mkataba wa kimataifa wa kuikomesha rangi hiyo ulipitishwa 2001 na kuanza kutumika 2008.

Basi mama, ukishuka pwani, subiri maji yakupwe, kisha inua taratibu jiwe la matumbawe. Ukimkuta kauri ametulia juu ya vifuko vya mayai, huyo ni jike. Atavilalia hivyo mpaka vianguliwe. Usimguse. Lirudishe jiwe lilivyokuwa, upande uleule.