Je, wajua kwa nini matabibu wa kale wa India waliita kifua kikuu "maradhi ya mfalme"?

Sisi tunasema kifua kikuu. Wao walisema rajayakshma: raja ni mfalme, yakshma ni maradhi. Mfalme mwenyewe ni Mwezi. Charaka Samhita, kitabu kikongwe cha Ayurveda, tiba ya jadi ya India, kinasimulia kwamba Mwezi aliwaoa mabinti wa mungu Daksha, ila moyo wake wote ukawa kwa mmoja tu, Rohini. Wenzake wakamshtaki kwa baba yao. Daksha akaghadhibika, na Mwezi akaanza kukonda, nuru ikimtoka, mpaka Ashvini, mapacha waganga wa miungu, walipomponya.

Kisa hicho kimebeba nadharia nzima. Kwa Ayurveda, chakula hugeuka hatua kwa hatua: kwanza maji ya lishe, kisha damu, nyama, mafuta, mifupa, uboho, na mwisho mbegu za uzazi. Njia ikiziba juu, vilivyo chini hukosa riziki. Mtu akizimaliza mbegu hizo kwa mapenzi ya kupita kiasi, kama Mwezi kwa Rohini, upungufu hupanda kurudi juu. Charaka inataja visababishi vinne: kazi inayozidi nguvu, kuzuia haja za mwili, kumaliza akiba ya mwili, na kula ovyo. Inaonya pia tabibu asimharishe mgonjwa wa namna hii, kwa kuwa chakula chake karibu chote kimegeuka kinyesi na hicho ndicho kinachomshikilia. Aliyeandika hayo alikaa kitandani pa mgonjwa akatazama.

Dawa mashuhuri ni unga wa sitopaladi, na hesabu yake inapendeza: sukari ya mawe mafungu 16, silika nyeupe (madini kama ya mchanga) inayoganda ndani ya pingili za mianzi 8, pilipili ndefu 4, iliki 2, mdalasini 1. Kila kiungo ni nusu ya kilichotangulia. Mgonjwa huulamba kwa asali na samli, lakini kamwe si kwa uzito sawa, maana Ayurveda huhesabu mchanganyiko huo kuwa sumu. Juu yake huja maziwa na nyama ya mbuzi.

Walichokosa ni kumjua adui. Bakteria wa kifua kikuu alitangazwa na Robert Koch mjini Berlin mwaka 1882, na unga huu haumuui. Nasema wazi kwa sababu watu hufa kwa hili: anayekohoa wiki mbili akapime makohozi, na akikutwa na ugonjwa ameze vidonge vya hospitali mpaka mwisho, kwa kawaida miezi 6.

Hata hivyo mitishamba ile haikuwa bure. Majani ya kichaka cha vasa, dawa ya kikohozi tangu enzi hizo, yana vasisini, na kutokana nayo wanakemia walitengeneza bromheksini, ya kulainisha makohozi. Ambroksoli ya chupa za famasi ni mtoto wake.

Na pilipili ndefu, kwa Kisanskriti pippali, ndiyo asili ya neno letu pilipili, lililotufikia kupitia Kiajemi na Kiarabu. Ukali wake ni piperini, ambayo husaidia mwili kufyonza dawa. Wahindi wametengeneza kidonge cha kifua kikuu chenye miligramu 10 za piperini, na ndani yake rifampisini, dawa inayoua bakteria hao, ni miligramu 200 badala ya 450.