Wavu mdogo si dawa: dhana potofu kuhusu elementi finaiti

Mbinu ya elementi finaiti hukata umbo kuwa vipande vidogo (elementi) vinavyoshikana kwenye pointi ziitwazo nodi, kisha kompyuta hutatua milinganyo ya vipande vyote kwa pamoja. Vipande vyote pamoja huitwa wavu. Ray Clough ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1960.

"Ukizidisha elementi, jibu linakuwa sahihi zaidi." Mara nyingi ndiyo, ila si kila mahali. Chukua mkono wa chuma wa umbo la L wa kubebea tangi la maji, kama ile inayochomelewa Katwe, mtaa wa mafundi chuma jijini Kampala. Ukichora pembe ya ndani ikiwa kali kabisa, mkazo (nguvu kwa kila eneo) wa hapo kihisabati hauna mwisho. Elementi za mm 10 zitakupa namba fulani, za mm 5 zitaipandisha, za mm 2 zitaipandisha tena, wala haitatulia. Kinachotulia ni kushuka kwa ncha ya mkono. Chora mviringo wa pembe ulivyo kwenye chuma chenyewe, kisha fanya elementi za wavu ziwe ndogo zaidi hapo tu.

"Elementi yoyote inafaa." Hapa ndipo watu huumia. Boriti ya chuma ya urefu wa mm 1,000, kimo mm 60, unene mm 20, imeshikwa upande mmoja na ncha inabeba N 1,000. Kwa moduli ya unyumbufu E ya MPa 200,000, fomula PL³/3EI (P ni mzigo, L urefu, I hutokana na kimo na unene) inasema ncha itashuka mm 4.6. Ijaze tabaka moja la pembetatu za nodi 3, utapata chini ya nusu ya hapo. Ndani ya pembetatu hiyo mvutiko (kiasi cha kurefuka au kufupika) ni uleule kila mahali, ilhali boriti inayopinda huvutika juu na kubanwa chini. Pembetatu haiwezi kufuata, inakakamaa. Za nodi 6 zinaweza.

"Nikikosea, programu itakataa." Ukisahau egemeo, pengine. Ukikosea vizio vya vipimo, haitasema neno. Ukitumia mm, N na MPa, densiti ya chuma ni 7.85×10⁻⁹, maana tungamo linahesabiwa kwa tani na ujazo kwa mm³. Ukiandika 7,850, ambayo ni ya kilo kwa mita ya ujazo, umekosea mara trilioni moja.

Kwa hiyo kabla ya kutazama rangi za mkazo ambazo programu huchora, jumlisha nguvu za maegemeo. Maji ya tangi la lita 1,000 pekee ni takriban N 9,800. Jumla isipolingana na mzigo ulioweka, rudi kwenye maegemeo na vizio.