Diteilingi ya gari: maana yake, na hobi hii inaanzia wapi

Diteilingi ni kazi ya kusafisha gari kwa kina, kupunguza kasoro ndogondogo za uso wake, kisha kuukinga uso huo ili usafi udumu. Gari linaweza kuoshwa na kung'aa vizuri, huku rangi yake imenatwa na chembe za chuma, boneti imejaa mikwaruzo inayojitokeza jua likiwaka, na usukani unateleza kwa mafuta ya mikono. Kazi ya diteilingi ni kuyamaliza mambo hayo. Kunyoosha bati lililobonyea au kupaka rangi upya si sehemu yake. Hiyo ni kazi ya fundi wa bodi.

Wengi wanaoipenda huanza kwa kununua. Wanatafuta mashine ya kupigia polishi na chupa za dawa za kila aina kabla hawajajua kuosha. Mimi nashikilia kwamba njia hiyo imegeuzwa kichwa chini miguu juu, kwa sababu mikwaruzo mingi inayoondolewa na mashine ilitiwa na mkono wa muoshaji. Anayeosha vibaya kila wiki atapiga polishi, atafurahi siku chache, kisha atairudisha mikwaruzo ileile kwa taulo lake mwenyewe.

Sababu iko kwenye rangi. Magari mengi ya kisasa yana tabaka la kuzuia kutu juu ya bati, kisha praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa klia, ambayo haina rangi. Rangi yote ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni (elfu moja ya milimita) 100 hadi 150 hivi, na klia peke yake ni takriban mikroni 35 hadi 50. Unywele wa binadamu una kama mikroni 70. Mng'ao wote unaousifia unakaa kwenye ngozi hiyo nyembamba, na mikwaruzo mingi ya kuoshea imo humo humo. Ukiitazama boneti nyeusi chini ya jua au taa kali, utaona miduara midogomidogo ikiuzunguka mwanga. Ukweli ni kwamba mikwaruzo hiyo imeelekea kila upande. Jicho linaiona ile tu iliyokaa kwa namna ya kuurudisha mwanga, ndiyo maana ukisogea, miduara inasogea nawe.

Basi tuanze na kuosha, na hapa nitakaa kidogo.

Gari lipelekwe kivulini na bodi iwe imepoa. Gusa boneti kwa upande wa nyuma wa kiganja. Ikiwa bado ya moto, subiri, la sivyo shampuu itakauka kabla hujaisuuza na maji yataacha madoa ya chokaa. Anza na rimu na matairi, kwa ndoo na brashi zake za pekee. Vumbi la breki lina chembe za chuma, na kitambaa kilichopita kwenye rimu hakipaswi kugusa rangi tena. Kisha mwagia gari lote maji, ukiwa na mashine ya presha ni vizuri zaidi, upake povu, uliache dakika chache lakini lisikauke, usuuze. Lengo ni kuondoa mchanga mwingi iwezekanavyo kabla mkono wako haujagusa bodi.

Sasa chukua ndoo mbili: moja ya maji na shampuu ya gari, nyingine ya maji matupu. Weka chini ya ndoo ya maji matupu ule wavu wa plastiki unaozuia mchanga usipande juu. Chovya glavu ya mikrofaiba, yaani ya nyuzi nyembamba sana, kwenye shampuu, anzia paa, osha eneo dogo kwa mistari iliyonyooka na bila kukandamiza. Kabla ya kurudi kwenye shampuu, peleka glavu kwenye ndoo ya pili, isugue kwenye wavu, ikamue. Shuka hivyo hadi chini. Sehemu za chini za milango na bampa ya nyuma ziwe za mwisho, maana huko ndiko uchafu wa barabarani unakojazana. Ukimaliza, mwaga maji ya ndoo ya pili polepole uangalie kilichobaki chini. Utakuta punje za mchanga. Kila punje ile ingekuwa inaburutwa juu ya klia.

Ndiyo sababu glavu yenye nyuzi ndefu ni bora kuliko sponji bapa: nyuzi humeza punje, sponji huzibana kati yake na rangi. Sabuni ya vyombo nayo iache jikoni. Imetengenezwa kukata mafuta, kwa hiyo huondoa na nta uliyopaka. Shampuu ya gari isiyo na asidi wala magadi makali inateleza vizuri na haiondoi kinga kwa haraka.

Wakati wa kukausha, tandaza taulo nene la mikrofaiba juu ya bodi lifyonze maji, au livute taratibu bila kulisugua. Taulo likianguka chini, liweke kando hadi lifuliwe, hata kama linaonekana safi. Taulo hizi zifuliwe peke yake, mbali na pamba inayotoa manyoya, bila dawa ya kulainisha nguo maana hufunika nyuzi zikashindwa kunywa maji, na bila joto kali.

Ukishaweza kuosha hivi, umepata msingi wa fani. Yanayofuata ni ya kupanda ngazi.

Gari lililokauka lipapase ukiwa umevaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi. Plastiki hukuza hisia za vidole, na mara nyingi utasikia vipele pale ulipoona uso laini. Ni chembe za chuma, matone ya lami, utomvu wa miti, au rangi iliyopuliziwa karibu na gari. Dawa ya kuyeyusha chuma hupuliziwa na baada ya dakika chache hugeuka zambarau inapokutana na chembe hizo; harufu yake ni mbaya, na ifanyie kazi mahali penye hewa. Lami ina dawa yake. Vinavyogoma huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaotelezeshwa juu ya kilainishi kingi bila nguvu. Uukande kila mara upate upande safi, na ukiuangusha chini utupe. Udongo huu wenyewe unaweza kuacha mikwaruzo hafifu, kwa hiyo si wa kila wiki.

Polishi ndiyo hatua inayoogopwa na pia inayotamaniwa kupita zote. Inasawazisha mkwaruzo kwa kupunguza klia iliyouzunguka, na klia iliyoondoka hairudi. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo: ukinasa, huenda una kina zaidi kuliko polishi inavyoweza kufika salama. Anayeanza atumie mashine ambayo padi yake, yaani kile kisponji cha duara kinachopaka polishi, inazunguka huku ikiyumba kwenye duara dogo, si ile ya mzunguko mmoja wa nguvu. Ukiikandamiza kupita kiasi, padi huacha kuzunguka, na joto halijikusanyi mahali pamoja kwa urahisi. Ziba kingo na sehemu za plastiki kwa tepu, maana kwenye kingo klia huwa nyembamba zaidi. Jaribu kwanza sehemu ndogo, kwa padi laini na polishi isiyokata sana. Ikitosha, hakuna haja ya kali zaidi. Futa mabaki kwa dawa yenye alkoholi kabla ya kuhukumu, kwa sababu mafuta ya polishi hujaza mikwaruzo na kuificha kwa muda. Na rangi ya mati, ile isiyong'aa, isipigwe polishi kabisa. Itapata mabaka yanayong'aa yasiyoondoka.

Mimi siamini kwamba kila mkwaruzo lazima uondoke. Gari la kutumika kila siku likipunguziwa sehemu kubwa ya mikwaruzo na klia yake ikabaki nene, mwenye gari amefanya uamuzi mzuri kuliko yule anayefukuzia uso wa kioo kila mara.

Halafu kinga. Nta ya karnauba hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili. Inapendeza sana, ila hudumu wiki kadhaa hadi miezi michache. Kinga za kutengenezwa maabara hudumu miezi zaidi. Seramiki, kinga ya majimaji inayokauka ikawa ngumu, na ambayo nyingi hujengwa juu ya silika, inaweza kupita mwaka ikitunzwa. Uchafu hauishiki sana na maji hukimbia, lakini haizuii kokoto wala haikuachi usioshe. Pia inafungia chini yake chochote kilichokuwepo, mikwaruzo ikiwemo, na ukiipaka vibaya kuiondoa kunahitaji polishi. Kwa mwanzo, kinga ya kupulizia na kufuta inatosha kabisa. Hata ukiwa nayo, kinyesi cha ndege kiondoe mapema: kilainishe kwa maji kwanza, maana kina uwezo wa kula klia, hasa juani.

Ndani ya gari anza na ukavu. Fyonza vumbi, na kwenye matundu ya hewa tumia brashi laini huku mdomo wa mashine ukiwa karibu, vumbi lisihamie kiti cha pili. Dawa ya kusafishia changanya na maji kama chupa inavyoelekeza, na ipulizie kitambaa badala ya kuzipulizia swichi. Usukani wa ngozi unaometameta mara nyingi ni mchafu. Ukisafika hurudi kuwa na uso mkavu usiong'aa. Usipake dawa za kung'arisha kwenye usukani wala pedali, na kwenye matairi ishia ubavuni. Sehemu inayokanyaga barabara isiguswe, maana breki zako zinategemea hilo.

Vioo viwe vya mwisho, kwa sababu vumbi na mvuke wa dawa nyingine hutua juu yake. Tumia taulo mbili, moja la kufutia na kavu la kumalizia. Upande wa ndani futa kwa mistari ya mlalo, wa nje kwa mistari ya wima. Ukiona mchirizi baadaye, mwelekeo wake utakuonyesha uko upande gani.